Kola kwa Maseneta Wawili

Agosti 7

Mvua. Eti hiki ni kiangazi. Nimeanza kuandika haya kwa sababu ya Nabintu, mwenzangu wa kazi kutoka Kongo anayenipokea zamu. Kila tukionana mlangoni namlalamikia mpaka anachelewa kuingia. Leo ameniambia, "Magdalene, weye dada iko na maneno mingi. Andika, nitasoma siku nitapata congé." Congé kwao ni likizo. Basi, naandika.

Mteja wetu, tunayemtunza nyumbani kwake, ni Ma Kebbeh, mama wa Liberia, mwenye umri anaoubadilisha kila wiki. Anaishi Harborne, hapa Birmingham, nyumba ndogo ya chini, karibu na hospitali kubwa. Mara tatu kwa wiki gari linampeleka huko asafishwe damu kwa mashine, maana figo zake zimekataa kazi. Kijijini kwao mashine hiyo hakuna, kwa hiyo kurudi hawezi. Bintiye aliyemleta huku alikuwa nesi, naye ameshafariki. Amebaki na mtoto mmoja, wa kiume, na huyo mtoto ni seneta.

Jina lake ni Akoi. Picha yake iko juu ya runinga, shingo imejaa shanga. Sisi Kenya kila kaunti ina seneta wake mmoja, na huyo mmoja pia kumwona ni bahati. Wao kila kaunti ina wawili, na ukichaguliwa unakaa miaka tisa. Tisa! Nilimwambia Ma kwetu ni mitano na bado tunaona wanazidisha. Alicheka mpaka akakohoa.

Katika miaka hiyo tisa Akoi amekanyaga Birmingham mara moja, kumzika dada yake. Alilala hotelini. Ma hataki kingine duniani: mwanawe aje akae naye kabla hajafa. Anasisitiza hapo. Si kupita, kukaa.

Agosti 8

Mvua. Zamu. Miguu imevimba.

Agosti 13

Jumapili, siku ya Akoi kupiga simu. Nilikuwa nampaka Ma mafuta ya miguu, simu iko kwa spika. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na ngoma na watu wanapiga kelele, maana kampeni zimeanza na uchaguzi ni Oktoba 10.

"Mama, nikimaliza uchaguzi tu, nakuja."

"Haya, mwanangu."

Simu ilipokatika nikasema angalau ameahidi. Ma akaangalia dirisha. "Uchaguzi ule mwingine pia alisema hivyo hivyo."

Mimi kusema kweli sikuhuzunika. Nilikuwa nahesabu mabasi mawili ya kunirudisha nyumbani Sparkbrook.

Agosti 17

Ma hakutaka uji. Mimi pia sikuutaka wangu.

Agosti 22

Wacha niandike hili vizuri kwa sababu nimefanya ujinga.

Saa nne hivi kengele ikalia. Nafungua, nakuta mwanamume wa makamo, suti nzuri, viatu vimelowa, na kijana mpwa wake amebeba mfuko. "Mimi ni seneta," akasema. "Nimekuja kumwamkia Ma."

Jameni, mimi ningejua nini? Hawa watu wana wawili kwa kaunti, niliambiwa, lakini kichwani mwangu kaunti ni seneta mmoja. Hata ile picha juu ya runinga sikuikumbuka. Nikakimbia chumbani nikipiga kelele, "Ma! Ma! Mwanao amekuja!"

Akainuka. Yeye ambaye kila asubuhi namwinua kama gunia, akainuka mwenyewe, akashika ukuta, akatoka mpaka sebuleni. Akamwona mgeni. Nikaona uso wake ukianguka, halafu nikaona akiuokota na kuuweka tena mahali pake, kwa heshima.

"Seneta Sumo," akasema. "Karibu."

Nilitamani sakafu inimeze. Huyo Sumo ndiye seneta wa pili wa kaunti yao. Yeye na Akoi hawasalimiani. Muhula wake bado haujaisha, lakini ana mtu wake anayemsimamisha dhidi ya Akoi.

Kwa aibu yangu nikamhudumia mgeni kama mfalme. Naye, nitasema ukweli, alikaa. Alivua viatu, akavuta kiti karibu na magoti ya Ma, akamsimulia kuhusu mto wao na shule ya wamishenari na mwanamke fulani aliyefukuzwa na bata. Ma alicheka machozi. Kisha Sumo akatoa kwenye mfuko kola, zile njugu zao chungu kubwa kama kidole gumba, akaomba sahani nyeupe, akanipa mimi nimpelekee Ma.

Kwetu Bungoma mzee hupewa kitu kwa kupiga goti. Nikapiga goti. Ma alimwangalia Sumo kwa muda, akachukua moja, akaipasua, akampa Sumo kipande, akanipa na mimi. Chungu ajabu! Nikafikiri ni mambo ya kutafuna tu, kama miraa. Mpwa alikuwa ameinua simu. Nikafikiri ni picha ya kumbukumbu. Nikatabasamu.

Agosti 25

Kirandeep, meneja wetu, amenipigia simu kabla sijashuka basi. "Magdalene, je, ni wewe kwenye video umepiga magoti?"

Ni mimi. Kaunti yao nzima huko Liberia imeniona, na nusu ya Waliberia wa Uingereza.

Kumbe kola si ya kutafuna tu. Kwao ukila kola ya mtu mbele ya mashahidi, umempokea nyumbani na mlichogombania kimekwisha. Sumo ameitupa video Facebook na maneno haya: "Hata mama mzazi wa Akoi amenipokea. Mwanawe yuko wapi?" Nami shahidi, na apron ya kampuni.

Kirandeep si mtu mbaya. Alisema nyumba ya mteja si mahali pa kamera, wageni wa siasa waishie mlangoni, na likitokea tena atanitoa kwa Ma anihamishie wateja wa upande wa Tyseley. Nikasema ndiyo. Nikasema pole. Nilikuwa na usingizi, hata nguvu za kubishana sikuwa nazo.

Akoi amepiga leo na si Jumapili. Sauti ilijaa jikoni. "Mama, umekula kola ya Sumo? Unajua umenifanyia nini?"

Ma akamjibu taratibu, "Alikaa asubuhi nzima, Akoi. Alitaka kunilisha, nikala."

Sumo ni panya, hilo nimeliona sasa. Lakini panya huyu alivua viatu.

Agosti 29

Jua, basi nilifua mapazia ya Ma. Mvua ikaja yakiwa kambani.

Septemba 3

Akoi anakuja! Lazima kaunti imwone na yeye akila kola ya mama yake, kabla maneno ya Sumo hayajaota mizizi. Ma ameniambia mara nne, kila mara kama habari mpya. Nikamuuliza hakuumia kwamba anakuja kwa sababu ya kola?

"Mwanangu, mimi nina haraka. Sina nafasi ya kuchagua sababu."

Nabintu atamsuka kesho. Amesema, "Ule mutoto akuye tu, hata akuye kwa kuiba." Yaani aje, kwa njia yoyote.

Septemba 5

Redio inasema baraza la jiji la Birmingham limefilisika. Karibuni kwenye klabu yetu ya waliofilisika.

Septemba 9

Amefika. Mrefu, raba nyeupe, sauti ya kwenye jukwaa hata akiomba maji. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia na nilianza vizuri. Alimkumbatia mama, akaangalia saa. Ndege ya kurudi ni keshokutwa. Akatoa kola kwenye bahasha, akanipa simu yake, "Dada, nishikie hivi, wima." Nikamwambia, Mheshimiwa, mimi kamera nimekatazwa na ofisi, tafadhali. Akaiegemeza kwenye chupa ya dawa.

Ma akachukua kola moja, akaigeuza, akainusa. Akairudisha sahanini.

"Hii imekauka. Siwezi kumbariki mwanangu kwa kola iliyokauka."

Septemba 10

Ameleta nyingine kutoka duka la Mghana. Ma: "Hii ni nyekundu. Mimi nataka nyeupe."

Septemba 11

Amebadilisha tiketi. Nimetumwa Stratford Road kutafuta nyeupe. Zilikuwepo. Mghana alinionyesha kikapu kizima. Nikasimama pale na mwavuli unaovuja, nikanunua nyekundu. Kwa nini? Kwa sababu asubuhi, kabla sijatoka, Ma alinishika mkono akasema, "Ukikosa, usijisumbue sana." Si nimeelewa? Nina miaka hamsini, nimelea watoto watatu.

Kumbe nimeingia siasa.

Septemba 13

Leo Akoi alikwenda naye hospitali. Ma amesema alikaa pembeni ya mashine muda wote, damu ya mama ikizunguka kwenye mipira mbele ya macho yake, na simu hakuigusa. Niliporudi jioni, kwa kuwa Nabintu anaumwa na nimechukua zamu yake, nilimkuta Akoi amelala kwenye kiti, mdomo wazi, soksi moja imetoboka. Ma alinyosha kidole kwenye blanketi. Nikamfunika. Ma alikaa akimtazama vile watu wanatazama mpira wa fainali.

Sijui. Mtu akilala huwezi kumchukia sawasawa. Amechoka kama mimi.

Septemba 15

Kola ya leo "ina tundu la mdudu". Haikuwa na tundu.

Simu ya Akoi haitulii. Kule mtu wa Sumo anazunguka kijiji kwa kijiji, na hapa seneta mzima anamenya viazi vitamu kwa sababu Ma amesema mimi nakata vipande vikubwa.

Septemba 16

Nimesema. Mungu anisamehe, mdomo wangu.

Nilikuwa naosha vyombo. Akaingia jikoni, akafunga mlango, akaniuliza pole pole kama najua duka lingine la kola, hata London, hata Manchester, atalipa teksi. Macho yake mekundu. Na mimi tangu alfajiri sikuwa nimekalia kiti. Nikaweka sufuria chini.

"Mheshimiwa, shida si kola. Akikupa utaondoka. Anajua, mimi najua, hata Nabintu anajua. Wewe peke yako ndiye unatafuta duka."

Akaegemea friji.

"Nikikaa, nitashindwa," akasema.

"Ndiyo."

"Kuna zahanati nimeijenga nusu. Kina mama wanabebwa kwa machela mpaka barabarani. Yule mtu wa Sumo hataimaliza."

Nilitaka kumjibu vikali, lakini nilimwamini. Hiyo ndiyo taabu yake. Angekuwa tapeli ningelala vizuri leo.

Akafuta uso kwa kitambaa cha vyombo, akatoka. Hakuaga. Nimeharibu. Ma atakufa akinilaumu.

Septemba 17

Nilifika nikidhani Akoi ameondoka. Alikuwepo. Amekaa miguuni pa Ma. Na Ma amevaa, kilemba kimefungwa, sahani nyeupe mapajani, kola juu yake. Nyekundu, zile zile zangu.

"Magdalene amechoka kutumwa," Ma akasema. "Tumalize."

Akoi akawasha simu, matangazo ya moja kwa moja. Jumapili, watu wametoka kanisani. Nikaona mioyo na majina yanapanda kwenye kioo, mamia. Nikajibanza nyuma ya mlango ofisi isinione tena. Akaongea maneno yake mazuri, kaunti yetu tukufu, mama yangu mzazi. Akapiga goti. Ma akapasua kola, akamlisha nusu kwa mkono wake, nusu akala mwenyewe. Akambariki kwa lugha yao, kirefu. Akoi akainamisha kichwa. Nikafikiri imekwisha.

Ma akaangalia simu. Akageukia Kiingereza chao, kile cha kukata maneno mikia, ili makabila yote ya kaunti yamsikie, nami nikamsikia.

"Watu wangu, mmenisikia nimembariki. Sasa nawaomba kitu. Msimpe kura."

Akoi akainua kichwa. "Mama..."

"Nyamaza, naongea na watu. Huyu ni mtoto mzuri. Nimemlea mwenyewe, najua nilichoweka ndani. Mmekaa naye miaka tisa. Sikulalamika, au mlisikia nimelalamika? Binti yangu nimemzika huku kwenye baridi, sikuwaambia mnirudishie mtoto. Lakini sasa mimi naishi kwa mashine. Nyinyi mko wengi, mtapata seneta mwingine. Mimi mwana mwingine sina wa kuchagua. Nirudishieni. Hata mwaka mmoja. Akishindwa, atakuja kukaa na mimi. Nawaomba, enyi mama zangu wa kaunti, mwangusheni."

Akoi hakuizima. Angeweza, kidole kilikuwa pale pale. Alibaki amepiga goti, machozi yanadondoka kwenye raba nyeupe, na simu inaendelea kutangaza mpaka ilipoishiwa chaji.

Mimi nyuma ya mlango nimelia kama mjinga.

Septemba 18

Ameondoka. Mlangoni aliweka paji la uso wake kwenye kilemba cha mama. "Umenimaliza, Mama."

"Natumaini," Ma akasema.

Septemba 21

Mvua. Ma anakula! Ameomba pilipili.

Septemba 24

Mimi ambaye kura ya kwetu nimeikosa mara mbili na sikujali, sasa kila mapumziko nasoma magazeti ya Liberia kwenye simu. Kwenye kaunti hiyo nimekuwa mpinzani mkubwa wa Akoi. Nabintu pia. Jana aliwasha mshumaa parokiani kwao. Padri akamuuliza nia ni nini, akasema ni ugonjwa wa ndugu.

Septemba 28

Ma amepanga: Akoi atalala sebuleni, kwenye godoro la kukunja. Nikalinunue Ladypool Road, la bluu. Nimelibeba kwenye basi, watu wakinitazama. Nilipomaliza kulitandika tulisimama tukaliangalia, yeye na kigari chake cha kutembelea, mimi na mgongo wangu. Akasema Desemba ni baridi, labda blanketi mbili.

Oktoba 4

Alianguka akishuka kwenye mashine. Daktari anasema moyo umechoka. Nikauliza umechoka vipi. Akasema umechoka tu.

Oktoba 10

Wanapiga kura leo. Ma hakutaka redio wala runinga. Amenituma nifagie chini ya godoro.

Oktoba 14

Matokeo nimeyaona kwenye basi, Broad Street, nimesimama, mwavuli wa mtu unanidondokea shingoni. Nikasoma mara ya pili. Nikapitiliza kituo.

Ameshinda. Si kushinda hivi hivi, ameshinda kuliko mara ya kwanza. Ile video ya Ma ilitembea kaunti nzima. Gazeti limeweka picha: wanawake sokoni wanacheza, wamevaa fulana nyeupe, na kwenye fulana maneno ya kumjibu: MA, TUAZIME TENA. Mmoja kaulizwa kwa nini umempa Akoi, kajibu, mtu anayependwa hivyo na mama yake hawezi kuwa mbaya. Mwingine kasema, aliacha kampeni akaenda kumenya viazi vya mamake, nani kati ya hawa wanaume amewahi?

Miaka tisa mingine.

Nilisimama nje ya mlango mpaka nikalowa. Nikaingia. Alikuwa macho, amekaa kitandani, kichwa wazi.

"Sema tu," akasema.

"Ameshinda, Ma."

"Kwa nyingi?"

"Kwa nyingi sana. Kwa sababu yako."

Nikashika mkono wake, ule wenye uvimbe wa sindano. Nilikuwa na hasira na wale wanawake wa fulana, na hasira hiyo haikuwa na mahali pa kwenda, kwa sababu walimpenda. Ndicho kilichotokea tu. Walimsikiliza Ma kila neno, na wakampenda.

"Nilisema vizuri mno," Ma akasema mwishowe.

"Ulisema ukweli."

"Ningemtukana. Ningesema ni mwizi." Akatikisa kichwa. "Lakini alikuwa amepiga goti pale, ningesemaje?"

Simu ikaanza kulia pembeni ya kitanda. Namba ya Liberia, si ya Akoi. Ikakatika, ikalia nyingine.

"Nifunge kilemba," akasema. "Watapiga siku nzima kunipongeza. Wasisikie sauti ya mtu aliye kichwa wazi."

Nikamfunga. Zamu yangu ilikwisha, Nabintu akaja, akatuangalia, akavua koti akakaa chini kwenye zulia. Mimi sikuondoka. Nilimshikia Ma simu sikioni, maana mkono wake unachoka upesi. Wazee wa kanisa, kina mama wa soko, mwalimu mmoja wa shule, hata Sumo. Wote, isipokuwa Sumo, wakipiga kelele za furaha. Na kila mmoja, mpaka giza likaingia, Ma alimwachia aseme, akamshukuru, kisha akamwambia lile lile moja:

"Mtunzeni."